Kesi ya uyoga mnaijua, ya Pemba je?

Wasee, 2025 simu yangu ilijaa uyoga. Ile kesi ya Australia: mama aliwapikia wageni uyoga wa sumu 2023, watatu wakafa, korti ikampata na hatia. Likoni nzima tukawa majaji. Hata mimi nikajua ule uyoga ukiupika sumu haitoki, na unaweza kukaa poa masaa 6 mpaka 12 kabla tumbo kuanza.

Sawa. Sasa niambieni Kisiwa Panza kiko wapi.

Kiko Pemba, bahari hii hii ya Shelly. Machi 2024 watu walikula nyama ya kasa pale. Watoto 8 wakafa, na mtu mzima 1, mama wa mmoja wao. Wengine 78 wakalazwa. Na Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, walikufa 7, mmoja wao wa miaka 3. Hawa hakuna aliyewategea. Ilikuwa kitoweo tu.

Naandika kwa sababu Jumapili, tumetoka kuogelea Shelly, jamaa alituambia chini chini kuna nyama ya kasa, kama tunataka. Nikasema hiyo inaua. Nikachekwa! Binamu yangu: "Si ichemshwe sana tu." Nyumbani naye ami akasema zamani wao walikuwa wanampa paka kwanza.

Kuchemsha hakusaidii, kama ule uyoga tu. Sumu inadhaniwa hutoka kwa anavyokula kasa huko baharini, hasa mwani wenye sumu. Kwa hivyo wa leo unaweza kumla usidhurike, wa kesho akakuua, na kwa macho au ladha huwatofautishi. Na paka je? Dalili zinaweza kuchukua hata siku kadhaa. Mkimngoja paka, sufuria ishalambwa. Dawa ya kuivunja sumu hiyo hakuna, daktari anausaidia mwili tu. Mama anayenyonyesha akila, mtoto anaweza kuipata kwa maziwa. Hapo ndipo nilipoogopa, dadangu ana mtoto wa miezi minne.

Sheria ya Kenya inakataza kumuua kasa, lakini hiyo sikuitaja hata. Nyama buchani ni ghali, na mwenye njaa humhubirii sheria.

Binamu nilimtumia habari ya Panza. Akaisoma mara mbili, akauliza wale watoto walikuwa wa umri gani. Ami bado anabishana.