Baada ya Kifaa Kupandikizwa

Mwezi Mei 2023, jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Grégoire Courtine na daktari mpasuaji wa ubongo Jocelyne Bloch, waliomwezesha Mholanzi aliyepooza miguu kwa ajali ya baiskeli mwaka 2011 kusimama, kutembea na kupanda ngazi kwa nia yake mwenyewe. Elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyonasa au kupitisha umeme, ziliwekwa juu ya eneo la ubongo linaloamrisha miguu, na kompyuta ikazifasiri ishara zake na kuzipeleka kwenye kifaa kinachochangamsha neva za uti wa mgongo chini ya jeraha. La kustaajabisha zaidi ni kwamba, baada ya mazoezi, aliweza kutembea kwa magongo hata kifaa kikiwa kimezimwa.

Hata hivyo, huyo ni mtu mmoja, tena ambaye jeraha lake halikukata mawasiliano yote, kwa hiyo kutangaza kwamba kupooza kumepata tiba ni kuutangulia ushahidi.

Swali zito zaidi ni la matunzo. Kampuni ya Marekani, Second Sight, ilipoachana na Argus II, kifaa cha kuwapa vipofu uoni kidogo, wagonjwa walibaki na mitambo machoni isiyo na fundi wala vipuri. Mamlaka zinazoidhinisha vipandikizi vya neva hazina budi kudai, kabla ya upasuaji wowote, fungu la matengenezo lisiloshikwa na kampuni yenyewe.