Michezo ya kompyuta yafaa kubisha hodi mahali patakatifu

Bunge la Japani mnamo Machi 2025 lilijikuta likijadili mchezo wa kompyuta. Mbunge Hiroyuki Kada alilalamika kuwa Assassin's Creed Shadows, mchezo wa kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft, ulimwezesha mchezaji kuingia katika hekalu ambalo lipo kweli na kuharibu vifaa vya ibada. Hekalu lililozua lalama hizo ni Itatehyozu, mjini Himeji.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Shigeru Ishiba, alijibu kuwa kulichafua hekalu ni jambo lisilokubalika. Ubisoft ilifanya marekebisho ili baadhi ya vifaa vya mahekaluni visivunjike.

Ajabu ni kuwa miaka sita awali, kampuni iyo hiyo ilimiminiwa sifa. Kanisa la Notre-Dame jijini Paris liliposhika moto Aprili 15, 2019, Ubisoft iliahidi Euro 500,000 za ukarabati. Aidha, ilitoa bure kwa wiki moja mchezo wake wa 2014, Assassin's Creed Unity, ili watu walizuru kanisa hilo lililochorwa humo kwa ustadi.

Tofauti basi haimo katika uchoraji, bali katika kile anachoruhusiwa mchezaji kutenda. Wabunifu wanalifahamu hilo. Mnamo 2018, Ubisoft ilizindua ziara ya Misri ya kale isiyo na mapigano yoyote, iliyokusudiwa kuelimisha.

Wapo wanaoshikilia kuwa mchezo ni mchezo tu, na hakuna jiwe la kweli linalovunjika. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kwa mwumini, utakatifu haukai katika jiwe pekee. Isitoshe, wengi wa wachezaji hawatawahi kufika Himeji. Watakayoyaona kwenye skrini ndiyo watakayoyajua.

Funzo hili laihusu Kenya pia. Misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2008, ina miiko kuhusu anayeingia na anayoyatenda humo. Iwapo wabunifu wataitamani, wazee wa Kaya waulizwe kabla ya mti wa kwanza kuchorwa, si baada ya bidhaa kufika sokoni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hata mgeni mwenye heri hupiga hodi.