Mzee Akikataa Kihisi, Si Ushamba

Imezoeleka kusema kwamba wazee hukataa vihisi vya nyumbani, vile vifaa vinavyobandikwa ukutani au kuwekwa chini ya godoro ili watoto wajue kama mzazi ameamka, ametembea au ameanguka, kwa sababu wanaogopa mambo mapya. Waache wazoee, tunaambiwa, hofu itawatoka. Huku ni kuwadharau wazazi. Katika utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, zaidi ya asilimia 72 ya wazee waliofungiwa vihisi walikubali kufuatiliwa na taarifa zao kupewa daktari au jamaa. Hata hivyo asilimia 60 walikuwa na wasiwasi kuhusu faragha, na baada ya mwaka mmoja wasiwasi huo ulikuwa umeongezeka. Jumlisha hesabu hizo uone: wapo wengi waliokubali huku wana wasiwasi. Mtu wa namna hiyo haogopi kifaa, anakijua vizuri, na ndiyo maana anauliza nani anatazama saa anazokwenda msalani usiku.

Watoto watajibu kwamba uhai hutangulia faragha, maana mzee akianguka akalala sakafuni hadi asubuhi anaweza kufa. Ni kweli, na hofu hiyo ni ya upendo. Lakini kihisi hakimwinui mtu. Uingereza ilijaribu vifaa vya aina hii katika utafiti wa watu wapatao 2,600 huko Cornwall, Kent na Newham, na katika miezi 12 havikupunguza kwa kiasi cha maana kulazwa hospitalini. Kinyume chake, kwenye makazi ya wazee ya TigerPlace, Missouri, Marekani, wazee wenye vihisi walikaa humo wastani wa miaka 4.3, wasio navyo 2.6. Wazee hao hawakugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, lakini jambo moja ni wazi: pale wauguzi walisoma taarifa, kisha wakaenda kumwona mzee mwenyewe.

Na aliyeanza kupoteza kumbukumbu je? Huyo ndiye wa kuulizwa mapema zaidi, angali anaweza kusema chumba kipi kisiguswe. Kwa hiyo, kabla ya kutoboa ukuta wa mzazi wako, mweleze nani ataona taarifa zake na nani atafika mlangoni kengele ikilia. Kama hakuna wa kufika, usifunge.