Uchafu wa Nakuru si Dhambi ya Maskini



Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Watu walitoka mashambani, madukani na ndani ya magari, wakaja na madumu, ndoo na sufuria kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 waliangamia, na wale walioungua hata wasitambulike wakazikwa katika kaburi la pamoja. Kabla majivu hayajapoa, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa katika vinywa vya wengi: marehemu waliponzwa na tamaa yao wenyewe.

Hukumu hiyo twaikataa. Mwezi huohuo wa Januari 2009 serikali yenyewe ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la taifa. Molo ilikuwa bado haijapona majeraha ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mtu mwenye njaa aonapo dumu la petroli la bure haoni mauti; aona unga wa juma zima. Bwana Yesu, akitaja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, aliwauliza wasikilizaji wake kama walidhani marehemu wale walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, naye mwenyewe akajibu kwamba sivyo. Basi swali la haki si maskini alitafuta nini mtaroni. Swali la haki ni hili: nani alikuwa akilipwa mshahara ili ailinde barabara ile, auzuie umati, alete magari ya zimamoto kwa wakati, na awafundishe watu hatari ya mafuta kabla ya siku ya msiba?

Twaurejea msiba huo kwa sababu hukumu ya namna ileile hutolewa kila siku juu ya taka. Mtaro ukiziba, yasemwa kwamba mwananchi ni mchafu. Kipindupindu kikizuka, mwananchi hanawi mikono. Ziwa likijaa plastiki, mwananchi hana ustaarabu. Kisha mkubwa fulani hujitokeza na glavu mpya na ufagio mpya, akapigwa picha akifagia hatua 20 za barabara, akapanda gari lake akaenda zake. Na lori la taka lisionekane tena mpaka siku ya picha nyingine. Sisi twasema wazi: uchafu unaokaa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi si tabia ya watu. Ni hesabu ya utawala, na hesabu hiyo lazima isomwe hadharani.

Tazameni Gioto. Jaa hilo liko ukingoni mwa Nakuru, kwenye miteremko ya Menengai, na kwa miongo mingi limepokea taka za mji mzima: maganda ya sokoni, chupa, plastiki, vyuma na mabaki ya mahotelini. Familia zimeishi kando yake na kula kwa kile zinachookota. Hawa ndio mji unaowaita machokora, ilhali ni wao wanaorudisha chuma, karatasi na plastiki kazini badala ya kuviacha vizikwe ama vichomwe. Wamefanya kazi ya serikali ya mtaa bila mshahara, bila viatu vya kazi na bila bima. Aliyeteka petroli Sachangwan na aokotaye chupa Gioto ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili huokota kilichomwagwa na uchumi usiowajua kwa majina. Tofauti yao ni kwamba moto wa Sachangwan uliua kwa muda mfupi, na moshi wa jaa hudhuru polepole, kwa hiyo hauwekewi siku ya kumbukumbu.

Na mvua ikinyesha, taka haziulizi mpaka wa wadi. Mitaro ya mji huteremkia Ziwa Nakuru, ambalo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, na tangu mwaka 2011 ni sehemu ya Urithi wa Dunia pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita. Ziwa hilo halina mto wa kuyatoa maji yake; kilichoingia kimeingia. Huko juu nako, Mto Molo huanzia nyanda za Mau na kushuka hadi Ziwa Baringo. Kitupwacho mtoni na watu wa juu chaweza kunywewa na mifugo ya watu wa chini, ambao hawakupata hata nafasi ya kuwapigia kura viongozi wa Nakuru wala kuwaondoa. Vituo vya barabarani kama Sachangwan, vinavyopitwa usiku na mchana na malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo, husahauliwa zaidi, kwa maana fikira za wakubwa juu ya taka huanzia mjini na kuishia mjini.

Walioshika bendera ya mageuzi tangu mwanzo watakumbuka jinsi mnyororo huu ulivyofuliwa. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, waziri aliyeketi Nairobi aliweza kuteua madiwani, kuikataa bajeti ya baraza, na hata kulivunja baraza lenyewe. Jiji la Nairobi liliendeshwa na tume ya kuteuliwa tangu mwaka 1983 hadi 1992. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, vyama vingi vilirudi, lakini sheria ya mabaraza ilibaki palepale. Diwani alichaguliwa na watu, akafika afisini akakuta ufunguo wa sanduku uko mkononi mwa waziri. Mwananchi akiuliza lori la taka liko wapi, diwani alimtupia karani wa mji, karani akamtupia waziri, naye waziri hakuhitaji kura ya mama muuza mboga wa Nakuru. Taka zikabaki, lawama zikatembea.

Katiba ya mwaka 2010 iliukata mnyororo huo. Jedwali la Nne limetaja bila kificho kwamba uzoaji wa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 42 kimempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kimemruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, wala halazimiki kuthibitisha kwamba mtu fulani amekwisha kupata hasara. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeongeza kwamba taka zitenganishwe, zinazooza mbali na zisizooza, na za hatari peke yake, tena kwamba kaunti ziwe na mahali pa kurejesha taka kazini na ziitengee kazi hiyo fedha katika bajeti zao. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, hapana tena waziri wa kusingiziwa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hongera, lakini cheo hakizoi taka.

Wako watakaosema kwamba kaunti zetu ni changa na zinahitaji kusaidiwa na wafadhili. Msaada hatuudharau. Katikati ya miaka ya 1990 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa liliichagua Nakuru, pamoja na Essaouira ya Moroko na Vinh ya Vietnam, ili maazimio ya mkutano wa Rio wa mwaka 1992 yatekelezwe katika ngazi ya miji, kwa fedha za Ubelgiji. Wataalamu walikuja, mikutano ikafanywa, mpango wa ukuaji wa mji ukachorwa kwa kuwashirikisha wakazi. Hata hivyo mpango ule mwema uliangukia mikononi mwa baraza lililokuwa bado limefungwa na Sura ya 265, na jaa la Gioto likazidi kupanda. Kuisaidia serikali ya mtaa isiyohojiwa na watu wake ni kumimina maji katika pakacha. Lori la msaada likiharibika klachi, huotewa na majani uani kwa kuwa hapana aliyetenga fungu la vipuri, na hapana aliyemwuliza sababu. Basi msaada wa kwanza ambao kaunti inauhitaji hautoki Ulaya wala Marekani. Ni mwananchi anayesoma bajeti, anayehesabu malori, na asiyetishika.

Tutaulizwa: je, mwananchi hana wajibu wowote? Anao. Atupaye chupa kupitia dirisha la matatu atenda uovu, na amwagaye oili ya gereji mtaroni atenda uovu zaidi. Lakini kumbukeni tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza. Mwananchi yuleyule aliyeitwa mchafu alirudi sokoni na kikapu na mfuko wa kitambaa. Hakubadilishwa damu wala kabila. Sheria ilifika kiwandani na dukani, si kwa mnunuzi peke yake, naye akaifuata. Mambo yaliharibika tena pale usimamizi ulipolegea na mifuko ikapenyezwa mipakani. Huo ndio ushahidi wetu: watu hufuata utaratibu pale utaratibu upo.

Kwa hiyo twaitaka Serikali ya Kaunti ya Nakuru, na kila kaunti iliyo katika hali kama hiyo, itimize mambo matano.

Kwanza, itangaze kwa kila wadi, katika mbao za matangazo za masoko na za makanisa, idadi ya malori ya taka yanayofanya kazi, siku zake za kupita, na fedha zilizotengwa.

Pili, ushuru unaokusanywa sokoni uonekane sokoni. Mama alipaye ushuru kila siku kisha akauza viazi juu ya tope na maganda yaliyooza ameibiwa mara mbili.

Tatu, waokotaji taka waandikishwe, wapewe vifaa na matibabu, na vikundi vya kina mama na vijana vinavyozoa taka nyumba kwa nyumba na kutengeneza mboji vipewe kandarasi kwa haki, si kwa kujuana.

Nne, vituo vya barabara kuu kama Sachangwan na Salgaa viingizwe katika mpango wa taka, na pamoja na mapipa viwekewe mpango wa dharura wa mafuta na kemikali, wenye watu waliofunzwa na vifaa vilivyo karibu.

Tano, jaa lolote jipya lisipelekwe mahali kwa sababu tu wakazi wa hapo ni maskini na hawana wakili. Wasikizwe kwanza, na majibu yao yaandikwe.

Nasi tulio makanisani na katika vikundi vya haki tusingoje kuitwa. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufikishwa bungeni kwake kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni kwisha. Miezi hiyo miwili ni msimu wetu. Kila parokia na kila ushirika uchague watu watatu wanaojua kusoma hesabu. Walitafute fungu la taka, walisome baada ya ibada kwa lugha ambayo bibi kizee ataielewa, kisha waende kwa mwakilishi wa wadi wakiwa wengi. Afisi ikificha karatasi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ijibu ombi katika muda wa siku 21. Ikikaa kimya, yako malalamiko rasmi kwa Tume ya Haki ya Utawala, na baada ya hayo iko mahakama.

Wala asitwambie mtu kwamba mahakama si ya wanyonge. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, waliwashtaki wenye kiwanda pamoja na afisi za serikali zilizopaswa kuwalinda. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia. Miaka ilikuwa mingi, na wengine hawakuishi kuiona siku hiyo. Lakini walioambiwa kwamba ugonjwa ni bahati yao mbaya walithibitisha mbele ya majaji kwamba ulikuwa uzembe wa wenye mamlaka.

Vyama vingi havikupiganiwa ili tupate rangi nyingi za kofia siku za kampeni. Vilipiganiwa ili atawalaye aulizwe na ajibu. Tuanze kuuliza kwa jambo lililo mlangoni pa kila mmoja wetu, linalonuka kwa tajiri na maskini pia: ushuru wetu umekwenda wapi, na lori litapita siku gani? Atakayejibu kwamba sisi ni wachafu, aandikwe jina lake, na mwezi wa kura usomwe orodha.