Bekapu Isiyorejeshwa Si Bekapu

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana kati ya Wote na Kitui mjini. Leo nina jambo linalonikera, na sehemu ya lawama ni yangu mwenyewe.

Shule moja ya sekondari huku Makueni ilinipigia simu mwezi wa Januari. Kompyuta ya ofisi ya karo ilikuwa inalia tik tik tik, halafu haiwaki. Sikuwa na wasiwasi. Mimi ndiye niliyewawekea programu ya kuhifadhi nakala ya diski nzima kila Ijumaa kwenye diski ya nje. Nikafunga diski mpya, nikachomeka ile ya nje, nikabonyeza kurejesha... programu ikaniomba leseni! Kumbe toleo lile la bure liliruhusu kuweka nakala tu, si kuzirudisha. Tukalipa. Ikafunguka, na nakala ya mwisho iliyokamilika ilikuwa ya Mei. Diski ya nje ilijaa wakati huo na hakuna aliyeusoma ujumbe.

Bursa akaniangalia, akasema, "Kijana wangu, si ulisema inajihifadhi yenyewe?"

Sikuwa na jibu. Fikiria mzazi aliyelipa karo ya muhula wa tatu kwa magunia mawili ya ndengu, na risiti yake imepotea. Kompyuta inasema anadaiwa. Yeye anajua hadaiwi. Tulikaa wiki tatu tukiingiza makaratasi upya, na bado kuna majina tuliyobishania.

Sasa maoni yangu ni haya: wengi wetu tunachagua programu hizi kwa kigezo kisicho sahihi. Tunaangalia sura yake, wingi wa vitufe, au ile ambayo fundi anayo tayari kwenye flashi. Tunauliza, "Inaweka nakala vizuri?" Karibu zote zinaweka. Swali ni kama zinarudisha. Sisi wa Ukambani tunayajua mabwawa ya mchanga. Ukipita juu unaona mchanga mkavu tu, na maji huyajui mpaka uchimbe. Bekapu ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mimi sasa nauliza mambo matatu:

1. Je, inarejesha bila leseni na bila intaneti? Siku diski inapokufa huenda mtandao haupo, na pesa hazipo.

2. Je, inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi? Kama Windows yenyewe imekufa, programu iliyokuwa ndani yake imekufa nayo.

3. Je, kampuni ikifunga duka, nakala zangu zitafunguka? Miaka ya 2000 mafundi wengi walitembea na Norton Ghost. Symantec iliacha kuiuza mwaka 2013. Macrium Reflect nayo ilipendwa sana kwa toleo lake la bure, lakini waliotengeneza wakalisitisha, na msaada wake ukaisha mwanzoni mwa 2024. Hazikuwa programu mbaya hata kidogo. Ila nakala iliyofungwa kwa ufunguo wa mtu mmoja inamtegemea mtu huyo.

Kwa vigezo hivyo mimi nimeishia kwa Clonezilla. Imetoka Taiwan, ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, inawaka kwa flashi, na haihitaji intaneti. Kwa mifumo ya kawaida kama NTFS na ext4 inanakili sehemu zenye data tu, kwa hiyo diski ya GB 500 yenye GB 60 ndani haitakulia nafasi yote. Kama ile skrini yake ya maandishi inakutisha, kuna Rescuezilla, inayotumia kipanya na inafungua nakala zile zile za Clonezilla. Hilo ndilo lililonivutia zaidi.

Ina kasoro, sitawadanganya. Ukikosea kuchagua diski unaweza kufuta ile uliyotaka kuiokoa, kwa hiyo soma ukubwa wa diski mara mbili. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, la sivyo utapunguza kwanza sehemu za diski. Na lazima kompyuta iache kazi wakati wa kunakili. Ndiyo maana haifai kwa kila siku. Nakili diski nzima mara moja kwa muhula, na kila jioni kopi folda ya kazi kama mafaili ya kawaida ambayo kompyuta yoyote itayafungua. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika ule ufunguo wa kuifungulia kwenye karatasi.

"Si niweke tu mtandaoni?" Mafaili madogo, sawa. Lakini piga hesabu: GB 60 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 26, ikiwa bando na stima havitakatika. Diski ya nje inamaliza ndani ya saa moja. Mpe mwalimu mkuu moja aiweke nyumbani, si juu ya meza ile ile yenye kompyuta.

Na zile programu za kulipia zilizovunjwa leseni? Jamani, hapana. Unawezaje kumkabidhi funguo za ghala mtu ambaye tayari unajua ni mwizi?

Kama ofisi yako ina bajeti na inataka programu ya kulipia yenye msaada wa simu, nunua, sina ugomvi. Ila Jumamosi hii tafuta diski ya zamani, rejesha nakala yako humo, kisha fungua faili moja usome yaliyomo. Ikikataa, afadhali ikatae leo. Mimi nilisubiri Januari, na aliyelipa gharama ni mzazi wa ndengu.

Haya, niambieni nanyi mnatumia ipi, na mara ya mwisho kuijaribu ilikuwa lini?