Bamba la Kung'aa Halitaokoa Sampu Yako

Leo naweka programu kando kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu kuna jambo linaniudhi. Kila ninayemsikia akitaka kujitengenezea kinga ya chini ya gari lake la porini, ile ya kulinda sampu ya oili na giaboksi, anataka alumini. Tena si alumini yoyote, bali lile bamba la kung'aa lenye vinundu, kama la ngazi ya basi. Ukimuuliza kwa nini, anasema ni nyepesi, haishiki kutu, na inapendeza. Inampendeza nani huko chini? Kobe?

Hoja ya uzito naikubali, maana hesabu haina ubishi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina kilo 7,850, ya alumini kilo 2,700. Lakini kwa unene uleule alumini hukataa kupinda kwa theluthi moja tu ya chuma. Bahati yake ni kwamba ukizidisha unene wa bamba mara mbili, ukakamavu wake huzidi mara nane. Kwa hiyo alumini ya milimita 6 inalipita kidogo bamba la chuma la milimita 4. Chukua bamba la mita 1 kwa sentimita 70: la chuma ni kilo 22, la alumini kilo 11 na kitu. Hongera, umeokoa nusu ya mtungi wa maji wa lita 20 ambao tayari umeupakia nyuma.

Sasa lipeleke bamba hilo Loiyangalani, kwenye mawe ya volkano. Chuma kikigonga jiwe hukwaruzika na kuteleza. Alumini laini hung'ang'ania, jiwe likaichimba, na vinundu vikitazama chini umelipa jiwe mahali pa kushika. Huko sampu ikitoboka oili yote inamwagika, na ukiendelea kuendesha injini inakufa.

Na bamba likipasuka, nani ataliziba? Fundi wa mji mdogo ana mashine ya umeme na vijiti vya kuchomelea, na chuma cha kawaida anakijua kama kiganja chake. Alumini kwa kawaida inataka gesi ya argoni na mashine nyingine kabisa. Hata ukimpata mwenye nayo, aloi ya 6061 iliyoimarishwa kwa joto hupoteza karibu nusu ya nguvu yake pale ilipochomelewa. Aloi ya 5083 ina nafuu, lakini hebu nenda kwa muuzaji wa vyuma umuulize namba ya aloi uone atakavyokutazama! Haya ni kama wale wenzangu wanaochagua lugha ya programu kwa uzuri wa nembo yake, halafu mfumo unaanguka usiku wa manane na hakuna anayeijua.

Wa chuma kisichoshika kutu nao wapo. Bei juu, na kutoboa tundu ni kuua keekee, kwa sababu kinazidi kuwa kigumu kadiri unavyokisugua. Wa bati lenye zinki ndio wananitisha: moshi wa zinki wakati wa kuchomelea huleta homa. Msimfanyie fundi hivyo jamani.

Mimi nasema chuma cha kawaida, milimita 4, kingo zikunjwe ili kikakamae, kipigwe rangi. Kutu? Itachukua miaka kula milimita 4, na rangi unairudia. Mtu wa Mombasa airudie mapema zaidi, chumvi haina huruma. Kifungwe kwenye chesisi, kamwe si kwenye giaboksi. Vichwa vya bolti vizame ndani ya bamba, la sivyo jiwe la kwanza litavikata. Acha matundu ya hewa na ya matope kutoka, na moja kubwa chini ya nati ya kumwagia oili, ili usifungue bamba zima kila sevisi.