Katuni na Ufundishaji wa Usimulizi: Hoja ya Kuuruhusu Mchezo Darasani

Si ajabu katika idara zetu za Kiswahili kumkuta mwanafunzi wa shahada ya pili aliye hodari wa kutaja vipengele vya fani: msuko, taharuki, mbinu rejeshi, nafsi ya usimulizi. Mwanafunzi huyo huyo akitakiwa kubuni kisa cha fremu nne hubabaika. Amefunzwa kuichambua hadithi iliyokwisha kamilika, hakufunzwa kuijenga. Makala haya yanadai kwamba michezo ya kusimulia kwa katuni yaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, na kwamba inastahili kutahiniwa kama kazi nyingine yoyote ya kitaaluma.

Mwaka 1947 Raymond Queneau alichapisha huko Ufaransa kitabu kiitwacho Exercices de style, ambamo kisa kimoja kidogo cha ndani ya basi la Paris kinasimuliwa kwa namna 99. Mwaka 2005 Mmarekani Matt Madden aliihamishia mbinu hiyo katika katuni: mtu anaacha kazi yake, anaelekea kwenye jokofu, anaulizwa saa na mtu aliye ghorofani, anajibu, kisha anasahau alichokuwa akikitafuta. Basi. Kisa hakina uzito wowote, na hiyo ndiyo faida yake. Msomaji hana tena haja ya kuuliza nini kimetokea. Huanza kuuliza nani anaona, kutoka wapi, na nini kimefichwa.

Kundi la Oubapo, lililoundwa Ufaransa mwaka 1992, lilijiwekea masharti makali zaidi: mchoro mmoja urudiwe katika fremu zote na maneno tu yabadilike, au hadithi isomeke kutoka mwanzo na kutoka mwisho. Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya Wafaransa. Twashangaa. Mshairi wa Kiswahili anajua tangu zamani kwamba vina na mizani humlazimisha kulitafuta neno ambalo asingelitafuta, na shairi lililokiuka kanuni hizo tumelipa jina lake, guni. Ni nathari tuliyoiacha bila mazoezi ya namna hiyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wanafunzi wetu hawajui kuchora. Lakini mwaka 1991 Jean-Christophe Menu na Lewis Trondheim walitoa visa 100 vilivyojengwa kwa michoro 8 tu. Menu alichora, Trondheim akaandika. Naye Scott McCloud alibuni mchezo wa karata ambao hauhitaji hata mchoraji mmoja. Fremu za katuni ya Nancy, kazi ya Ernie Bushmiller, hukatwa na kuchanganywa. Kila mchezaji hupewa tano, huweka moja kwa zamu, na wenzake huamua kama yafaa kufuata iliyotangulia. Mwalimu wa Nairobi anaweza kuzikata fremu za Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Wa Dar es Salaam anao Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa gazeti la Sani.

Kiini cha zoezi hili ni ubishi unaozuka. Tuseme fremu ya kwanza inamwonyesha mama akifunika chungu, na ya pili mtoto akijifuta mdomo. Darasa zima litakiri kuwa limeona wizi, ilhali wizi haukuchorwa popote. Msomaji ameutia mwenyewe katika nafasi tupu iliyo baina ya fremu mbili, jambo ambalo McCloud alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1993. Sasa mwanafunzi aambiwe aongeze fremu moja tu itakayomtoa mtoto hatiani. Mmoja ataleta paka dirishani. Mwingine, mwenye akili zaidi, atamleta mama yuleyule akimpa mtoto mwiko aulambe, na hapo tutagundua kwamba tulimhukumu mtoto kabla ya kusikiliza. Taharuki na kejeli zimefundishwa kwa karatasi moja.

Hata hivyo michezo hii ina ukomo wake. Zoezi la mchoro mmoja unaorudiwa aghalabu huishia katika kichekesho, kwa kuwa mhusika asiyebadilika umbo ni vigumu kumkuza kitabia. Kwa maoni yetu, zoezi linalowafaa zaidi wanafunzi wa fasihi ni lile la kufupisha, ambalo Oubapo pia walilifanya: riwaya nzima igeuzwe kuwa fremu chache. Atakayetakiwa kuiweka Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) katika fremu sita atalazimika kuamua kama uti wa riwaya hiyo ni baba, ni Rosa, au ni jamii inayowazunguka wote wawili, na uamuzi huo ni uhakiki.

Kuhusu utahini, tunapendekeza kila kazi iambatane na ukurasa mmoja wa maelezo: kwa nini kila fremu imebakizwa, na ni tukio gani lililoachwa lililomuuma mwanafunzi zaidi kuliacha. Alama zitolewe kwa ukurasa huo na kwa mpangilio wa fremu. Uzuri wa mkono usipewe hata alama moja.